Nduthi ya Miguu Mitatu Inayolala Kona: Stima Tunayo, Shida ni Mikono

Saa kumi na mbili jioni, mvua imeanza, umeshuka Donholm Caltex na keja bado iko mbali. Una njia tatu. Mathree ya kuingia ndani ya mtaa iko hapo, lakini makanga anaita tu na haitoki hadi ijae. Nduthi itakufikisha kwa dakika tano, ila utafika umelowa hadi soksi. Tuk-tuk ina paa, si uongo, lakini ni pana, kwa hivyo iko kwa jam ile ile mathree iko. Na ikipata nafasi ya kukimbia, kwenye kona inakusukuma upande mmoja hadi unashika chuma kama mtoto.

Kila msee wa Eastlands amewahi kusimama hapo akajiuliza: mbona hakuna kitu cha katikati? Kitu chembamba kama nduthi, chenye paa kama tuk-tuk, kinachotumia stima, na kikifika kona kinalala badala ya kupinduka.

Hicho kitu kipo. Wazungu na Wajapani wamekitengeneza mara nyingi, na wengi wao wamekizika mara nyingi pia. Hapa kwetu nduthi za umeme tayari ziko barabarani na mafundi wa kuchomelea chuma hatujawahi kukosa. Basi hili ni swali la wale machalii ambao jioni huwa wanachora chora hizi vitu kwa daftari, na wako wengi kuliko unavyodhani: ukiunda prototaipu ya hii kitu hapa Donholm, ni nini kitakuangusha?

Jibu langu ni kwamba si betri, na si mota. Ni pale utakapoweka mikono na miguu ya dereva.

Tuanze na kona yenyewe, maana hapo ndipo kila kitu kinaanzia. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 15, yaani kona ya kawaida tu ya barabara ya mtaa. Ukiipita na kasi ya kilomita 30 kwa saa, nguvu inayokusukuma nje inakaribia nusu ya uzito wako. Ipite na 40, na hiyo nguvu inapanda hadi kama asilimia 84 ya uzito wako. Umeongeza kasi kwa theluthi moja tu na kisukumo kimekaribia kuwa mara mbili. Tuk-tuk haina jibu la hilo. Ina gurudumu moja mbele, mawili nyuma, abiria wamekaa juu, na kitu pekee kinachoizuia kulala ubavu ni upana wake. Ndiyo maana madereva wazoefu wa tuk-tuk hupunguza kabla ya kona, na wale wageni ndio unaona video zao.

Nduthi inajibu kwa kulala. Kwa ile kona ya mita 15, ukienda 30 unalala kama nyuzi 25, ukienda 40 unalala kama 40. Nguvu yote inapita katikati ya mwili wako kuelekea kwa tairi, ndiyo maana abiria wa nduthi harushwi upande, anakandamizwa tu kitini. Gari la miguu mitatu linalolala linafanya hivyo hivyo. Likilala, halihitaji upana, na ukiondoa upana umepata kitu kinachoweza kupenya kati ya mathree mbili pale Jogoo Road.

Hadi hapo kila mtu ameelewa na kila mtu anataka moja. Sasa tuingie kwa ile sehemu ambayo wachoraji huwa wanaruka.

Mikono inajua vitu ambavyo kichwa hakijui

Muulize mwenye nduthi anakataje kona. Atakuambia anageuza hendo kule anakoenda. Si kweli, na hajui si kweli. Kwa mwendo wa polepole, ndiyo. Lakini nduthi ikishika kasi, inakata kona kinyume. Akitaka kwenda kulia, mkono wake wa kulia unasukuma hendo mbele kidogo, gurudumu la mbele linaelekea kushoto kwa muda mfupi sana, nduthi inaanguka upande wa kulia, na hapo ndipo inaelekea kulia. Mwili ulijifunza hiyo kitu wenyewe, labda akiwa na miaka kumi kwa baiskeli ya mtu, na haujawahi kumwambia.

Tuk-tuk ina hendo kama ya nduthi. Unashika vile vile, unavuta mafuta vile vile. Lakini ukisukuma hendo ya kulia mbele, tuk-tuk inaenda kushoto. Kila wakati, kwa kila kasi. Inakata kona kama gari.

Unaona hatari iko wapi. Msee amepiga nduthi miaka kumi, leo amepewa tuk-tuk. Siku nzima anaendesha fiti kwa sababu anaenda polepole na anafikiria. Siku ya tatu amechangamka, yuko 45, mtoto anakimbia kutoka kushoto. Hakuna nafasi ya kufikiria. Mwili unachukua usukani na unafanya kile unachojua: unasukuma hendo ya kulia mbele ili kutorokea kulia. Tuk-tuk inaelekea kushoto.

Na hapa sheria yetu ni ya kuchekesha kidogo. Kwa madaraja ya leseni ya NTSA, bodaboda ya abiria, ya kubeba mizigo na chombo cha magurudumu matatu zote ziko kwa darasa moja, A3. Kwenye karatasi ni ndugu. Kwenye kona, moja inaenda kulia na nyingine inaenda kushoto kwa msukumo ule ule wa mkono.

Sasa wewe fundi wa Donholm unataka kuleta kitu cha tatu katikati ya hao wawili. Lazima uamue: chako kitasikiliza mkono wa nani?

Dunia imegawanyika mara mbili kwa hilo swali. Kuna wale walisema tutampa dereva usukani wa gari, na kompyuta ndiyo itaamua chombo kilale kiasi gani. Toyota ilifanya hivyo na i-Road, ikaionyesha Geneva mwaka wa 2013. Ilikuwa kitu kitamu kuangalia: upana wa chini ya mita moja, magurudumu mawili mbele yanayopanda na kushuka ili chombo kilale, stima tupu, mlango na paa. Lakini gurudumu linalogeuka ni la nyuma. Yaani ukikata kona, mkia unatoka nje, kama forklift. Dereva wa gari hajazoea hivyo, dereva wa nduthi hajazoea hivyo, hakuna mtu duniani amezoea hivyo isipokuwa wale wa forklift. Walijaribu Japani, wakapeleka hata Grenoble kule Ufaransa, watu wakapanda, wakasifu, wakapiga picha. Haikuwahi kuuzwa dukani kama gari la kawaida.

Waholanzi walikuwa na Carver, yenye usukani wa gari na mfumo wa haidroliki wa kulaza chumba cha dereva huku injini nyuma ikibaki wima. Ile ya kwanza, ya petroli, ilikufa mwaka wa 2009 pamoja na kampuni yake. Jina lilirudi baadaye kama chombo cha stima. Na Mercedes, kitambo sana, mwaka wa 1996, walionyesha gari linaitwa F200 Imagination ambalo halikuwa na usukani kabisa. Lilikuwa na vijiti viwili, kimoja kila upande, kama unacheza FIFA. Karibu miaka 30 sasa, na bado hujaona mtu akiendesha gari la mtaa na kijiti.

Kundi la pili lilisema: acha mikono ilivyo. Piaggio, hawa hawa wenye tuk-tuk za Ape unazoona hapa, walitoa MP3 mwaka wa 2006. Ni skuta ya magurudumu matatu, mawili mbele, na inalala kama nduthi kwa sababu hakuna kompyuta inayoilaza, ni wewe. Hendo ni ile ile, breki ni zile zile, na ule msukumo wa kinyume ni ule ule. Wameuza zaidi ya 200,000. Honda wana Gyro tangu 1982, ndogo, gurudumu moja mbele, mawili nyuma. Dereva na mbele vinalala, mota na magurudumu ya nyuma yanabaki chini. Kule Japani ndiyo imepeleka pizza na magazeti miaka yote hiyo, tena kuna toleo lenye paa na kioo cha mbele. Mwaka wa 2021 wakaibadilisha kuwa ya stima na betri za kutoa na kubadilisha. Hakuna aliyelazimika kujifunza upya.

Sisemi kwamba kila kitu kigeni kinakufa. Nasema ukiangalia hiyo orodha, zile zilizouza ni zile ambazo mtu alipanda Jumatatu na Jumatatu hiyo hiyo akapiga kazi.

Kuna kitu kingine kidogo kuhusu MP3 ambacho nakipenda. Toleo lao moja lilitengenezwa ili watu wenye leseni ya gari tu waruhusiwe kuliendesha huko Ulaya. Sheria ilidai magurudumu ya mbele yaachane angalau sentimita 46, na ilidai breki ya mguu inayoshika magurudumu yote. Skuta haina kazi ya mguu. Wakaweka pedali hapo hata hivyo. Kwa hivyo ukiona pedali kwa MP3, ujue haikuchorwa na injinia, ilichorwa na wakili.

Stima inakutongoza

Mbona basi kila mtu anayeanza prototaipu ya umeme anataka kubadilisha mikono? Kwa sababu umeme unakuruhusu. Kwa Boxer, kila amri ni chuma na waya: mkono wa kushoto klachi, mguu wa kushoto gia, mguu wa kulia breki ya nyuma, mkono wa kulia mafuta na breki ya mbele. Miguu yote na mikono yote iko kazini, kila moja na kazi yake, na huwezi kuhamisha kitu bila kuhamisha chuma. Kwa chombo cha stima, mafuta si mafuta tena. Ni kihisi kidogo kinachoambia kontrola "nipe nguvu kiasi hiki". Unaweza kukiweka kwa hendo, kwa pedali, kwa kijiti, hata chini ya kiti. Klachi haipo, gia hazipo. Ghafla una mguu wa kushoto na mkono wa kushoto ambao hawana kazi, na fundi akiona kiungo hakina kazi, anakitafutia.

Hili tayari limetokea hapa, ila kimya kimya. Roam, ambao walianza Nairobi mwaka wa 2017 wakiitwa Opibus, wakibadilisha magari ya mafuta kuwa ya umeme, walipokuja kuunda nduthi yao hawakuja na kijiti. Ampersand walioanza Kigali na baadaye wakaingia Kenya, hivyo hivyo. Agosti 2023 Uber ikaanzisha bodaboda za umeme Nairobi, na abiria wengi walichogundua ni kwamba haipigi kelele tu. Mafuta bado yako mkono wa kulia. Kiti bado ni kirefu, cha kubeba mtu na gunia. Walichofanya ni kutoa, hawakuongeza: klachi ikaenda, gia zikaenda.

Na hata kutoa kuna bei. Msee aliyezoea Boxer anajua kasi yake kwa sikio. Anasikia injini ikilia, anajua sasa ni gia ya tatu, anajua mlima wa mbele unahitaji nini. Akienda kwa stima, lile sikio limenyamaza. Anaingia kona na kasi ambayo hakuisikia. Akitaka kupunguza, hana kushusha gia, ana breki tu na ile mota kujivuta yenyewe kama kontrola imewekwa hivyo. Mguu wa kushoto bado unapiga hewa kutafuta gia, wiki nzima. Hicho ndicho kibadiliko kidogo kabisa unachoweza kumfanyia dereva, na bado anakihisi mwilini. Sasa ongeza gurudumu la tatu na ulalaji wa kompyuta.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye hii hesabu kwake inageuka kabisa, na nisipomtaja nitakuwa nimedanganya. Ni msee ambaye miguu yake haifanyi kazi. Boxer inahitaji miguu miwili, basi imemfungia nje ya biashara ya nduthi milele. Kule Busia mpakani utaona watu wanaoishi na ulemavu wakibeba mizigo na baiskeli za magurudumu matatu za kuzungusha kwa mikono, na wanafanya kazi kuliko wewe. Mpe huyo chombo cha stima cha magurudumu matatu, kinacholala kwenye kona, kinachojifunga wima kikisimama, na breki zote ziko mikononi. Kwake hakuna tabia ya zamani ya kuvunja. Kwa jicho langu, yeye ndiye dereva wa kwanza ambaye prototaipu ya ajabu inapaswa kuchorewa, si ule mchoro wa kijana amevaa helmeti ya kung'aa akipita Westlands usiku.

Sasa tukirudi Donholm na daftari

Sema umeamua: hendo ya nduthi, magurudumu mawili mbele au mawili nyuma, ulalaji wa mwili. Chuma utapata. Kamukunji watakukunjia, Grogan utatoa shoki na tairi, na hapa mtaani fundi wa welding wa mageti anaweza kukushikia fremu kwa wikendi mbili kama utamlipa mapema. Mafundi wanaojua kontrola na betri za lithiamu wameanza kuwa wengi, na kiwanda cha Roam kilichofunguliwa 2023 kiko upande wa Mombasa Road, si safari kutoka hapa.

Hesabu ya stima nayo inakubali. Betri moja ya Roam Air ni ya uniti 3.24 na inakupeleka kilomita 70 na kitu. Tangu Aprili 2023 kuna bei maalum ya umeme wa vyombo vya usafiri: Sh16 kwa uniti mchana, Sh8 usiku, kabla ya kodi na makato. Kwa hivyo betri imejaa kwa kama Sh52 kwa hiyo bei. Nduthi ya petroli kwa umbali huo itakunywa kama lita mbili, na lita moja tunaijua iko wapi. Kweli, dereva wa mtaa halipi Sh52, analipa bei ya kubadilisha betri ambayo ni zaidi, kwa sababu mwenye stesheni naye anakula. Na gurudumu la tatu na paa vinaongeza uzito, kwa hivyo toa kilomita kadhaa. Bado inalipa.

Barabara ndiyo itakufundisha adabu. Nduthi ina mstari mmoja: gurudumu la mbele likikwepa shimo, la nyuma linakwepa pia. Tatu inayolala ina mistari mitatu. Umekwepa shimo na la mbele, la nyuma kulia limeingia. Na hii Donholm yetu, iliyokuwa shamba la ng'ombe wa maziwa kabla iwe mtaa, imekaa juu ya ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unashika tairi kama ugali. Toka kwa lami uingie zile njia za ndani na uone. Tope likijaa kwa viungo vya kulaza, vinakwama, na chombo kinachotakiwa kulala kikikataa kulala katikati ya kona ni kibaya kuliko tuk-tuk, kwa sababu ni chembamba.

Halafu kuna kusimama. Nduthi ikisimama unaweka mguu chini. Chombo chenye paa na mlango, mguu utautoa wapi? Lazima kiwe na kufuli ya kukizuia kuanguka. MP3 wana swichi kwa hendo: ukipunguza karibu kusimama unaifunga, ukivuta mafuta inajifungua. Inaonekana kitu kidogo. Lakini fikiria jam ya Jogoo Road: unasimama, unatoka mita mbili, unasimama, mara mia mbili kabla ufike Muthurwa. Ukisahau kufunga mara moja, umelala juu ya side mirror ya mathree, na unajua vile hiyo mazungumzo itaenda. Hiyo swichi ndiyo kifaa kipya pekee ambacho ningekiruhusu kwa prototaipu, na ningeiweka pale klachi ilikuwa, chini ya vidole vya mkono wa kushoto. Msee wa Boxer akisimama tayari anafinya hapo. Amefinya hapo miaka kumi. Mwache afinye.

Ukimaliza, bado hujamaliza. Prototaipu si chombo cha barabara hadi karatasi ziseme hivyo. KEBS watauliza inafuata kiwango gani. NTSA watauliza ni pikipiki au ni tuk-tuk, na jibu la "ni zote mbili" halina kisanduku kwa fomu. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, chini ya Sura ya 405, na mtu wa bima hawezi kupigia hesabu kitu ambacho hajui kinaanguka mara ngapi. Rasimu ya sera ya usafiri wa umeme iliyozinduliwa Machi 2024 ilileta mazungumzo ya namba pleti za kijani na motisha za kodi. Poa. Lakini pleti ya kijani inakuambia chombo kinakunywa nini, haikuambii kinakataje kona.

Wazee wetu wanaijua hii njia. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliambia Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari, hata kama halitakuwa zuri la kupendeza. Prototaipu za Nyayo Pioneer zilitoka tano, zikazinduliwa Kasarani mwaka wa 1990 na sherehe zote. Zilitembea. Kiwanda cha kuzitengeneza kwa wingi ndicho hakikuja. Waganda waliendesha Kiira EV ya Makerere mwaka wa 2011, na miaka mingi ikapita kabla mradi ule ufike kwa mabasi. Kutoka moja hadi mia moja ndipo kaburi lilipo, na ile moja huwa inapigwa picha sana.

Na tukiongea pesa tuongee vizuri. Dereva mwingi wa nduthi mtaani hana nduthi. Ana mkopo wa nduthi, na mkopo unadai kila siku, iwe mvua iwe jua, iwe ulikuwa unajifunza hendo mpya au la. Kuna zaidi ya bodaboda milioni moja kwa hii nchi na karibu kila moja ina mtu nyuma yake anayengoja pesa ya leo. Ukimletea huyo msee chombo kinachohitaji wiki mbili za kujifunza, umemwomba alipe wiki mbili za mkopo bila kazi. Ukimletea chenye siku moja, atakupa Jumapili. Ndiyo tofauti yote. Wahandisi wa Geneva hawana hiyo Jumapili kwa hesabu yao. Fundi wa Donholm anayo, kwa sababu jirani yake ndiye dereva.

Hapo ndipo naona wa hapa anaweza kuwashinda hata Wajapani. Si kwa chuma, si kwa kompyuta. Toa prototaipu yako asubuhi ya Jumapili kabla watu waamke, uipeleke uwanja wa Jacaranda kama hakuna mkutano, panga mitungi ya maji ya lita 20 iwe kona, na uite wasee watano wa base. Usiwaelekeze. Usiwaambie hendo inafanya nini. Nyamaza tu uhesabu ni mara ngapi mkono unaenda pale ambapo wewe hukuweka kitu. Hiyo hesabu ndiyo mchoro wako wa pili.

Halafu, kabla urudi nyumbani, weka abiria nyuma. Si rafiki yako wa kilo 60 anayejua kulala na nduthi. Tafuta mama anayetoka Mutindwa na gunia la viazi mapajani, aliyekaa wima kama yuko kanisani, na ambaye chombo kikianza kulala kulia yeye anajivuta kushoto kwa nguvu zake zote.

Huyo hana hendo mikononi, na bado anaendesha.